Mkalimani Anasema kwa Kinywa Chake

Mwakeye, ndugu zangu. Wa msikitini nimewaamkia, wa kanisani nimewaamkia, na nyie mliotoka kwenye mitumbwi moja kwa moja mkaja kukaa hapa na harufu ya dagaa, nyie nimewaamkia mara mbili. Mwenyekiti ameniomba niongee kwa upole kidogo kwa sababu leo tuna wageni. Mwenyekiti, nimekusikia. Ila sikukuahidi.

Nitasimulia yote yaliyonipata, lakini sitataja jina la mtu wala la ofisi. Atakayejiona humo ndani ajisahihishe mwenyewe.

Wengi mnaijua sauti yangu kuliko sura. Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa hapahapa Ujiji. Baba yangu ni Muha wa Kasulu, mama alivuka kutoka Burundi akiwa msichana na hakurudi tena. Nyumbani bibi aliongea Kirundi, baba Kiha, majirani Kiswahili, na shuleni tukachapwa mpaka Kiingereza kikaingia. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nasimama katikati ya watu wasioelewana. Nilipokua nikagundua kwamba kuna watu wanalipwa kwa kusimama hapo katikati, basi na mimi nikasimama.

Sina mwajiri. Watafiti wakija, miradi ya maji ikija, madaktari wa macho wakija, wananipigia simu, naenda, wanamaliza, narudi nyumbani kusubiri simu nyingine. Kwenye karatasi wananiita mshauri wa kujitegemea. Jina tamu hilo. Lina maana kwamba ukianguka, unajiokota.

Sasa niwaambie kitu kuhusu kazi hii, maana bila hicho hamtaelewa ujinga wangu. Mkalimani hana "mimi" yake. Mgonjwa akisema "tumbo linaniuma," namgeukia daktari nasema "tumbo linaniuma," na tumbo langu halina shida yoyote. Mtu akitukana, natukana. Akiomba radhi, naomba radhi. Huongezi, hupunguzi, na wewe mwenyewe hujiweki humo hata kidogo. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliishika kanuni hiyo kuliko wote. Baada ya miaka mingi maneno ya watu yanapita kwako kama maji kwenye bomba. Na bomba, ndugu zangu, halinywi.

Basi ukaja mradi mmoja wa mambo ya ziwa na uvuvi. Mradi mkubwa, magari meupe. Wakanichukua kwa mkataba wa miezi, wakanipa kizibao. Nyie mnakijua, cha buluu, chenye mifuko mingi na nembo mgongoni. Nilikipenda kizibao kile jamani! Nilikivaa kazini, nikakivaa sokoni Katonga, siku moja nilikivaa msibani mpaka mama mkwe akanivuta pembeni akaniuliza kama na marehemu yuko kwenye mradi. Gari lilikuja kunichukua mlangoni. Majirani wakaanza kuniita "mtu wa shirika." Sikuwasahihisha. Kwa nini niwasahihishe, wakati na mimi nilishaanza kuamini?

Ule mradi siku moja ukaleta semina ya bima kule Kibirizi, mwaloni, pale mitumbwi inapopakua. Alikuja afisa wa bima kutoka Dar, bwana mstaarabu tu, naye kavaa kizibao cha buluu kama changu. Walengwa walikuwa wapakuzi, wenye mitumbwi, na akina mama wanaoanika dagaa. Wengi wa akina mama wale Kiswahili chao kinatosha kuuza dagaa lakini hakitoshi kuelezwa mkataba, kwa hiyo nikawekwa katikati.

Siku hiyo nilifasiri kwa kiwango ambacho sijawahi kukifikia. Yule bwana akisema "kuchangia hatari kwa pamoja," mimi nikawaambia kwa Kiha kwamba kila mmoja anatia kopo moja la dagaa kwenye gunia la wote, na siku dagaa wa mwenzenu wakinyeshewa mchangani, anachota humo bila kumpigia mtu magoti. Wakapiga makofi. Akina mama wakaanza kuulizana nani aandike majina.

Ndipo mama mmoja, mtu mzima, mwanika dagaa wa miaka mingi, akanyoosha mkono. Huyo nitamwita Bibi, kwa sababu ndivyo ninavyomwita mpaka leo. Akaninyooshea kidole mimi, akaniuliza kwa Kiha: "Na wewe mwenye kizibao, umejiandikisha?"

Ndugu zangu, nawaambia nilichofanya, na nyie mkicheka chekeni tu. Nilimgeukia yule bwana wa bima, nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Anauliza, na wewe mwenye kizibao, umejiandikisha?"

Bwana akacheka. Akasema, "Mwambie sisi ofisini tunakatiwa wote."

Nikamgeukia Bibi. Nikamwambia, kwa kinywa changu hiki: "Sisi ofisini tunakatiwa wote."

Bibi akanitazama. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakaa chini. Mimi nikaendelea na kazi. Nikakunja karatasi zangu, nikapanda gari, nikarudi Ujiji nikiwa sina bima ya aina yoyote, nimetoka kuwaelewesha watu wote wa mwalo umuhimu wa bima. Mganga hajigangi, wanasema. Lakini mganga angalau anajua kwamba anaumwa.

Haikupita miezi mitatu. Tulisafiri kwa boti kwenda vijiji vya kusini, kuhoji wavuvi. Kule hakuna gati, mnashuka kwenye mawe, wanaweka ubao. Ziwa lilikuwa limechafuka. Mimi nilibeba boksi la fomu za utafiti, na nilikuwa nimelinyanyua juu ya kichwa zisilowe. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ubao, mwingine bado kwenye boti. Wimbi likaja, boti likapanda, ubao ukateleza, na mimi nikaenda chini, kidevu kikatua kwenye ukingo wa boti.

Sikuzirai. Heri ningezirai. Nilisikia taya linakatika, nikasikia meno yananiambia kwaheri. Na boksi nilikuwa bado nimelishika juu. Mtu akaja akalipokea kwanza boksi, halafu ndiyo akanipokea mimi. Fomu hazikulowa hata moja. Nataka hilo mlikumbuke, litarudi.

Wakanirudisha Kigoma mjini na boti lilelile, nimefungwa kitenge cha mtu kichwani, kila wimbi nalihesabu kwa taya. Mume wangu akaitwa, akanikuta hospitali. Karani wa mapokezi, dada wa watu, mpole, akauliza: "Mama ana bima?" Mume wangu akanitazama. Sikuweza kusema. Nikageuka, nikamwonyesha mgongo wangu. Nembo.

Karani akapiga simu. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umebadilika, mpaka nikamwonea huruma. Akamwambia mume wangu, "Kaka, wanasema mama si mfanyakazi wao. Ni mshauri wa kujitegemea. Wanasema kwenye mkataba wake imeandikwa kila kitu."

Mume wangu akasema, "Dada, wanakuja kumchukua mlangoni kila siku."

"Najua kaka. Na mimi nimewahi kumwona kwenye gari lao."

Mume wangu akaenda nyumbani akauleta ule mkataba. Nikausoma nikiwa nimelala, damu inanichuruzika kwenye kitambaa. Ulikuwa na kurasa sita, na ukurasa wa tano ulisema kwamba mshauri atajikatia mwenyewe bima ya afya na ya ajali, na mradi hautahusika na madhara yoyote yatakayompata akiwa kazini au safarini. Chini yake palikuwa na sahihi yangu. Nzuri, imepindapinda, nilijifunza kuiandika hivyo nikiwa kidato cha pili. Mimi ninayetafsiri mikataba ya watu kwa malipo! Mimi ninayewaambia wenzangu msisaini kitu msichokisoma! Nilikuwa nimesaini huku gari linapiga honi nje.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika taya, tena sehemu mbili.

Mume wangu akauza injini ya mtumbwi wake. Aliuza bila kuniuliza, maana kuniuliza nisingeweza kujibu. Kuanzia siku hiyo akawa anavua kwenye mitumbwi ya watu. Ule mradi ulinitumia boksi la juisi na kadi ya pole yenye picha ya maua. Juisi yenyewe ya maembe, ina nyuzinyuzi, haikupita kwenye mrija.

Ndiyo, mrija. Daktari wa meno alinifunga taya la juu na la chini kwa waya, wiki sita. Akampa mama mkwe koleo dogo la hospitali, akamwambia liwe karibu yangu muda wote, ili nikitapika zikatwe zile waya nisije nikapaliwa. Mama mkwe akalifunga koleo kwenye ncha ya khanga yake. Alikwenda nalo sokoni, alikwenda nalo chooni, aliswali nalo. Kila nikikohoa alikuwa ameshalishika. "Usijaribu," ananiambia, "nitakufungua kama kopo la maziwa." Mchana ananichujia mchuzi wa samaki, migebuka ya ziwani, kwenye kitambaa, anatia mawese kidogo, nafyonza. Na alinitania sana, mjue. Wageni wakija anawaambia, "Karibuni, sasa hivi nyumba hii ina mkwe mwema kuliko wote Ujiji. Hanijibu hata neno moja."

Nilicheka kwa pua. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa mpaka usingizi ukanikataa. Mwenye jembe akivunjika mguu, jembe linamsubiri. Mimi jembe langu ndicho hiki kinywa. Daktari alikuwa mkweli, alisema mfupa utaunga lakini hawezi kuapa kwamba nitaongea kama zamani. Nililala kwenye mkeka natazama dari, nawaza, kama taya hili likigoma nitakuwa nani? Mwalimu bila sauti anaweza kuandika ubaoni. Mkalimani bila sauti ni mtu aliyekaa tu.

Na hasira. Mwenyekiti, hapa upole unanishinda. Watu walikuja kunipa pole wakiniambia "ni mipango ya Mungu." Mungu hakuandika ule ukurasa wa tano! Aliuandika mtu, akiwa kwenye kiti, kwenye ofisi yenye feni, na mimi nikautia sahihi nikiwa wima. Nikawa nawakatalia kwa kichwa. Wakafikiri taya linaniuma.

Wiki ya nne hivi, mlango ukagongwa, akaingia mama mwenye kikapu. Bibi wa Kibirizi. Sikuwahi kuongea naye zaidi ya siku ile ya semina. Nikainamisha kichwa kumpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kama vile ameisikia. Akakaa. Akatoa uji wa muhogo mwepesi, alikuwa ameshauchuja kwake. Halafu akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na kovu jipya, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Niliteleza kwenye chanja la kuanikia," akasema kwa Kiha. "Nikalazwa, nikashonwa, nikatoka. Niliwaonyesha kadi tu. Ile kadi uliyotueleza wewe. Kwa maneno yako ya kopo na gunia nilielewa, nikajiandikisha siku ileile."

Nikatabasamu kwa macho. Nilifurahi kweli.

Akaendelea. "Sasa mimi nimekuja kukuuliza jambo, na najua huwezi kunijibu, kwa hiyo leo utanisikiliza. Siku ile nilikuuliza wewe. Sikumuuliza yule bwana wa Dar. Yule ana mshahara, nimuulize ya nini? Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuona unapanda boti kila wiki, na nilijua mama yako alivyofika hapa hana hata sufuria. Nikakuuliza wewe, ukamgeuzia yeye swali langu. Halafu ukarudi kwangu ukaniambia 'sisi ofisini tunakatiwa wote.' Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mtoto wa mwenzetu amepata ofisi."

Kisha akauliza: "Ofisi yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Ndugu zangu, kulia ukiwa na waya mdomoni ni hatari. Mama mkwe alishasimama na koleo lake. Nililia hivyo hivyo. Nililia kwa sababu katika watu wote waliowahi kusimama mbele yangu, yule alikuwa wa kwanza kuuliza kitu kunihusu mimi, na mimi nilikuwa nimekipitisha tu kwa mwingine kama kawaida yangu. Swali lilikuwa langu. Nililifasiri vizuri sana. Sikulisikia.

Waya zilipokatwa, neno la kwanza nililosema halikuwa sala wala jina la mume wangu, anisamehe. Nilisema "umejiandikisha," kwa Kiha, nikijaribu kama ulimi bado unafika kwenye kila herufi. Ulifika. Upande mmoja uliburuza kidogo, na mpaka leo upepo wa ziwa ukivuma jioni taya hili linalia kama bawaba ya mlango. Lakini ulifika.

Wiki hiyohiyo Bibi akanipeleka Kibirizi. Kikundi chao cha waanika dagaa kilikuwa kimejiandikisha kwa pamoja, na mtu kama mimi asiye na mwajiri angeweza kuingia nao. Mnajua ilivyokuwa ngumu? Miezi michache nyuma nilisimama mbele ya wanawake wale nikiwa na nembo mgongoni. Sasa nilisimama bila kizibao, nimepungua, nimepinda mdomo, naomba kupokelewa. Mmoja akaniuliza, "Dada, kizibao umekiacha wapi leo?" Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni, atatutafsiria kwenye foleni ya hospitali." Nikacheka nao. Nikaandikwa jina. Siku ile nilijiona nimepata ofisi kwa mara ya kwanza.

Lakini sikumaliza. Kadi ya afya ilikuwa mkononi, sawa. Ila ajali ya kazini, siku za kulala bila kipato, injini ya mume wangu iliyokwenda, hayo ni nani anayabeba? Mradi ule uliendelea kuwapandisha watu kwenye boti. Wakalimani, wakusanya taarifa, manahodha wa kukodi. Wote washauri wa kujitegemea. Wote na ule ukurasa wa tano.

Na wakanipigia tena simu! Kumbe watu wa kufasiri Kiha na Kirundi mbele ya wazungu hawaokotwi barabarani. Mkubwa wa mradi mwenyewe alikuwa anakuja kutoka nje, ataongea na vibarua wote ukumbini, mjini, na alihitaji mkalimani. Mume wangu akasema, "Usiende." Mama mkwe akasema, "Nenda, lakini usome kwanza." Nikaenda, nimekivaa tena kizibao. Mkataba wa siku moja, nikausoma mara mbili, wakinisubiri.

Ukumbi ulijaa. Nikasimama kando ya mkubwa, mahali pangu pa siku zote. Akaanza vizuri. Akasema sisi sote ni familia moja. Nikafasiri. Akasema bajeti imebana na kila mshauri aendelee kujitegemea kwa mambo ya bima. Nikafasiri, taya likaanza kulia. Halafu akasema: "Tunajali usalama wenu. Mwaka jana mwenzenu mmoja alipata ajali ndogo, tukamsaidia ipasavyo, na leo yuko salama."

Nikafungua kinywa nifasiri. "Tunajali usalama wenu. Mwaka jana mwenzenu mmoja alipata ajali ndogo, tuka..."

Likagoma. Safari hii taya halikuwa na kosa, nilikuwa mimi. Mbele yangu watu wamekaa, wanajua, wanatazama chini kwa aibu yangu. Nikakumbuka kidole cha Bibi. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha ili asibaki mtu: "Naomba radhi. Hapa mkalimani anasema kwa kinywa chake."

Mkubwa akageuka kunitazama.

Nikasema: "Mwenzenu huyo ni mimi. Ajali haikuwa ndogo, taya lilivunjika sehemu mbili nikiwa nimezishika fomu zenu juu. Fomu zilipona zote. Msaada wenu ulikuwa juisi, na haikupita kwenye mrija. Kufungwa taya langu kumelipwa na injini ya mume wangu. Sitaki pole. Nasema hivi, mtu asikanyage boti la mradi mpaka awe amekatiwa bima ya ajali, na karatasi yake aione kwa macho, na asomewe kwa lugha anayoielewa. Mimi nitamsomea, bure."

Msimamizi wetu wa hapa, mtu wa kwetu kabisa, akasimama kanywea. "Mama, kaa chini. Umekuja kufasiri, hukuja kuhutubia. Wakalimani wapo wengi."

"Basi waiteni," nikasema. Nikavua kizibao. Nikakikunja vizuri, nembo juu, nikakiweka mezani mbele ya mkubwa.

Wakamwita kweli. Alikuwepo mkalimani mwenzangu, mwalimu mstaafu, mtu mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Watoto wake watatu wanasoma kwa kazi hii. Nikajisemea, ndiyo basi, siwezi kumlaumu. Akapita mbele, akasafisha miwani kwa shati, akasimama pale niliposimama mimi. Msimamizi akamwambia, "Mwalimu, endelea pale alipoishia."

Mwalimu akasema, "Naendelea pale alipoishia." Akawageukia manahodha waliokaa nyuma, wengi wao Warundi, akaanza kwa Kirundi: "Mwenzenu huyo ni mimi. Taya lilivunjika sehemu mbili nikiwa nimezishika fomu..." Akayafasiri maneno yangu yote, moja baada ya jingine. Hakuongeza, hakupunguza. Alipofika mwisho akavua kizibao chake, akakiweka juu ya changu.

Kikaja cha tatu. Nahodha mmoja hakuwa na kizibao, akavua kofia. Meza ile ilijaa mpaka mkubwa akasogeza glasi yake ya maji. Kesho yake gari jeupe lilizunguka Ujiji nzima, likapiga honi kwenye kila mlango, likarudi tupu. Kesho kutwa vilevile. Kuna waliokuja kuniambia nimewamwagia ugali, na mmoja alinitolea maneno makali mbele ya wanangu. Sikumjibu, njaa ina haki ya kusema. Lakini hata huyo hakupanda gari.

Baada ya wiki mbili ilikuja mikataba mipya. Nilisoma kila ukurasa kwa sauti, kwenye uwanja wa nyumba ya mwalimu, kwa lugha tatu. Ukurasa wa tano ulikuwa umebadilika. Mradi unawakatia bima ya ajali wote wanaosafiri, siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wenzangu wakasaini. Wengine hapa mbele yangu wanayo karatasi hiyo leo.

Mkataba wangu haukuwemo. Mpaka leo hawajanipigia simu tena. Mtu aliniuliza, "Sasa wewe umefaidika nini?" Nikamwambia, nimefaidika kinywa. Sijutii, na ikitokea tena nitakivua tena kizibao. Kazi nyingine zipo, na siku hizi kabla mtu hajanieleza safari ni ya wapi, mimi namuuliza kwanza: nikianguka, imeandikwaje? Akibabaika, namtakia safari njema.

Nawashukuru. Mume wangu, aliyeuza injini na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Mama mkwe, na koleo lake, ambalo amekataa kulirudisha hospitali mpaka leo. Daktari. Yule karani aliyenionea huruma. Mwalimu wangu, uliyefasiri vizuri kuliko siku zote. Wanawake wa Kibirizi, mlionicheka na kunipokea kwa pumzi ileile. Na Mungu, Imana, ambaye hakuuandika ule ukurasa.

Bibi, nakuona pale nyuma, unajifanya unasinzia. Shikamoo, Bibi. Siku ile uliniuliza swali nami nikamgeuzia mtu mwingine. Leo nalijibu mwenyewe, mbele ya watu: ndiyo, Bibi. Nimejiandikisha.

Fundi baiskeli, wewe hapo dirishani. Dada mwenye cherehani. Kaka wa bodaboda, mpiga picha wa harusi, wewe unayechora ramani za nyumba za watu na hujawahi kuajiriwa. Na wewe je?

Mbona unageuka kumtazama jirani? Nakuuliza wewe.